Ua kando ya jina: tathmini ya huduma ya Marekani ya kuwatafuta askari waliopotea vitani

Katika makaburi ya kitaifa ya Punchbowl, jijini Honolulu, zipo kuta za mawe zilizochongwa majina zaidi ya 28,000 ya askari, mabaharia na marubani wa Marekani ambao miili yao haikupatikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia katika Pasifiki, vita vya Korea na vita vya Vietnam. Mtu akizipitia taratibu, akiufuata kila mstari kwa kidole, ataona kwamba hapa na pale, kando ya jina, pamewekwa kitufe kidogo chenye umbo la ua. Maana yake ni kwamba huyu amepatikana, ametambuliwa, na sasa ana kaburi lake. Jina lenyewe halifutwi ukutani, linaongezewa ua tu. Nimesoma taarifa nyingi kuhusu kazi hii, lakini hakuna iliyonieleza thamani yake waziwazi kama vitufe vile, kwa kuwa vinaonesha kwamba kazi inafanyika kweli, na papo hapo vinaonesha jinsi majina yasiyo na ua yalivyo mengi.

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na shirika la Wizara ya Ulinzi ya Marekani linalojulikana kwa herufi DPAA, ambalo kazi yake ni kuwatafuta, kuwafukua na kuwatambua wanajeshi wa nchi hiyo waliotoweka katika vita vilivyopita. Lilianza kazi Januari 2015, baada ya taasisi zilizokuwa zikigawana jukumu hilo kulaumiwa kwa kuvutana na kurudiana kazi, hata Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Chuck Hagel, akaamuru mwaka 2014 ziunganishwe. Hesabu iliyorithiwa ni nzito. Waliopotea bado ni zaidi ya 81,000, takriban 72,000 kati yao wakiwa wa Vita vya Pili vya Dunia, zaidi ya 7,400 wa Korea na zaidi ya 1,500 wa Vietnam, na shirika lenyewe linakadiria kwamba zaidi ya 41,000 walizama baharini. Robo tatu ya wote walipotelea katika eneo la Asia na Pasifiki.

Nitaipima huduma hii kwa kipimo cha wale wanaoihitaji, yaani ndugu wa aliyepotea. Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwa sababu lugha yetu ina neno la kutandika matanga na ina neno la kuyaanua, na kila mtu anajua kwamba huwezi kuyaanua matanga ambayo hukujua uyatandike lini. Mke aliyepelekewa telegramu mwaka 1950 ikisema mumewe hajulikani alipo hakuwa mjane, wala hakuwa mke. Mama aliyeambiwa hivyo aliendelea kuacha taa ya barazani ikiwaka. Swali langu basi ni hili: je, huduma hii inawapa watu hao jibu wanaloweza kuliamini, na inawapa wakiwa bado hai?

Mlango wa kuingilia ni rahisi kuliko ninavyoweza kusema kuhusu ofisi nyingi za serikali. Ndugu hahitaji wakili, halipi ada, wala hahitaji kusafiri. Kila tawi la jeshi lina ofisi yake ya kushughulikia familia za waliofariki na waliopotea, na ofisi hiyo ndiyo inayompa ndugu mtu wa kuzungumza naye, ikimtumia kwa posta, bila malipo, kifurushi cha kuchukulia sampuli ya vinasaba. Ndani yake mna vijiti vya kusugulia upande wa ndani wa shavu, bahasha za kuvihifadhia na fomu ya kuandika ukoo. Kusugua huchukua dakika chache. Kinachochukua muda ni ile fomu, kwa kuwa inamtaka mtu akumbuke nani alizaliwa na nani, upande gani, na nani bado yu hai.

Sharti la ukoo lina sababu yake, na nadhani shirika lingepaswa kulieleza kwa sauti kubwa zaidi, maana ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa. Mifupa iliyokaa ardhini miaka sabini mara nyingi haibakizi vinasaba vya kutosha vya kiini cha seli, bali hubakiza vile vya mitokondria, yaani vijisehemu vilivyo nje ya kiini vinavyoipa seli nguvu, ambavyo kila seli inavyo kwa wingi na ambavyo mtu huvirithi kwa mama peke yake. Kwa hiyo mtoto wa kumzaa wa askari, ambaye ndiye wa kwanza kujitokeza na ndiye mwenye uchungu mkubwa, hana mitokondria ya baba yake. Anayo ya mama yake. Anayefaa kwa kipimo hicho ni ndugu wa askari aliyezaliwa naye tumbo moja, au mtoto wa dada yake, au mjukuu wa dada huyo kupitia kwa binti. Sampuli ya mtoto haitupwi, kwani ina kazi katika vipimo vingine, lakini familia inayojua siri hii mapema huanza kumtafuta shangazi aliyesahaulika badala ya kukaa ikisubiri.

Baada ya hapo ndugu huingia katika kusubiri, na kazi huhamia mahali ambapo hawezi kuiona. Wanahistoria husoma kumbukumbu za vikosi, ramani za zamani na ripoti za marubani wenzake. Wachunguzi huenda kijijini kuwahoji wazee waliomwona rubani akianguka, na safari hizi zina mbio zake, kwa sababu mashahidi nao wanakufa. Panapopatikana mahali pa kuaminika, timu ya wanajeshi na wanaakiolojia hupiga kamba katika miraba, kisha udongo wa kila mraba hupitishwa kwa ndoo kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye chekeche zilizotundikwa chini ya turubai. Mahali penye udongo wa mfinyanzi huchekecha kwa maji ya mpira, donge moja baada ya jingine, wakitafuta kitu ambacho mara nyingi si kikubwa kuliko ukucha: jino, kifungo, kipande cha zipu ya suti ya urubani. Katika Vietnam na Laos udongo ni wenye asidi inayokula mfupa, hivyo jino moja huweza kuwa ndilo pekee lililosalia la mtu mzima.

Hatari ya kazi hiyo si ya kudhani. Tarehe 7 Aprili 2001, helikopta iliyobeba timu ya utafutaji ilianguka mlimani katikati ya Vietnam na kuwaua watu wote 16 waliokuwemo, Wamarekani 7 na Wavietnam 9. Ninalitaja hapa kwa kuwa wapo wanaouliza kama inafaa kuwahatarisha walio hai kwa ajili ya wafu. Jibu langu ni kwamba wale 16 walilijua swali hilo kuliko sisi, nao walipanda.

Sehemu ya huduma ambayo naipa alama ya juu kabisa ni maabara. Iliyo kuu iko katika kambi ya Pearl Harbor-Hickam, Hawaii, nyingine iko Offutt, Nebraska, na vipimo vya vinasaba hufanywa katika maabara ya jeshi iliyoko Dover, Delaware. Kinachonivutia hasa ni nidhamu ya mahali hapo. Mtaalamu wa mifupa anayekabidhiwa mabaki haambiwi yanadhaniwa kuwa ya nani. Huyapanga mezani kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu, akapima urefu, akakadiria umri, akaandika majeraha, yote bila kujua kama faili lililo ofisi ya jirani linamtaja kijana wa miaka 19 au nahodha wa miaka 35. Ripoti yake ikishakamilika ndipo inapolinganishwa na kumbukumbu. Utaratibu huu unachelewesha mambo, na ndugu aliyechoka kusubiri anaweza kuuona kama urasimu, lakini ndio unaoufanya ukweli wa mwisho uaminike. Jeshi hilohilo lilishawahi kuzika kwa heshima zote, katika kaburi la Askari Asiyejulikana wa Vietnam huko Arlington, makaburi ya kitaifa yaliyo karibu na Washington, rubani ambaye dalili za jina lake zilikuwepo. Mwaka 1998 kaburi lilifunguliwa, vinasaba vikaonesha kuwa ni Michael Blassie, aliyeangushwa mwaka 1972, na familia yake ikamzika upya nyumbani. Baada ya somo la namna hiyo, mimi naona kukawia kwa maabara ni afadhali kuliko haraka yake.

Kazi iliyodhihirisha uwezo wa huduma hii kuliko nyingine ni ile ya meli ya USS Oklahoma. Meli hiyo ilipinduka Pearl Harbor, iliposhambuliwa na ndege za Japani tarehe 7 Desemba 1941, ikiwa na mabaharia na askari wanamaji 429 waliofia ndani yake au karibu nayo. Miili ilitolewa kwa miezi na miaka wakati meli inainuliwa, na kufikia hapo mifupa ilikuwa imechanganyika katika mafuta na matope. Watu 35 tu ndio waliotambuliwa miaka ile. Waliobaki walizikwa Punchbowl katika makaburi 46 kama wasiojulikana. Mwaka 2003 lilifunguliwa jeneza moja lililodhaniwa kuwa na watu watano, likakutwa na mifupa ya watu wapatao mia moja. Hebu tulifikirie hilo kidogo: ndani ya sanduku moja, mguu wa huyu, bega la yule, taya la mwingine, na nyumba karibu mia zinazosubiri. Mwaka 2015 ikaamuliwa kufukua makaburi yote. Maelfu ya mifupa yalipangwa katika meza za Nebraska, kila mmoja ukapewa namba, mingi ikakatwa kipande kidogo cha kupimwa vinasaba, na polepole miili ikaanza kuunganishwa tena. Mradi ulipofungwa mwaka 2021, zaidi ya watu 350 walikuwa wamerudishiwa majina yao. Nikiulizwa kama huduma hii ina thamani, nitataja jeneza lile moja la mwaka 2003, kisha nitataja hesabu hii.

Kwa upande wa Korea, ugumu ulitengenezwa na mikono ya watu wenye nia njema. Mabaki yaliyorudishwa baada ya vita yalipelekwa Kokura, Japani, na huko mengi yakapakwa dawa yenye fomalini ili yasioze. Dawa hiyo iliharibu vinasaba kiasi kwamba kwa miaka mingi kila kipimo kilirudi kitupu. Wataalamu hawakukaa kusubiri mbinu mpya. Walikumbuka kwamba vijana wale, wakati wa kuandikishwa, walipigwa eksirei za kifua kuchunguzwa kifua kikuu, na katika picha hizo mtulinga, yule mfupa mwembamba unaounganisha bega na kidari, unaonekana vizuri na umbo lake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Wakazikusanya picha za zamani, wakawa wanalinganisha mtulinga ulio mezani na mtulinga ulio kwenye picha. Kijana aliyevua shati mbele ya mashine asubuhi moja, labda akitetemeka kwa baridi, hakujua kwamba picha ile ndiyo ingemrudisha kwao. Tangu mwaka 2016 maabara ya Dover imepata pia njia ya kusoma vinasaba hata katika mifupa iliyopakwa dawa, na mafaili yaliyokuwa yamekwama yakaanza kusonga.

Sasa nije kwenye mapungufu, nami sitayafunika. La kwanza ni kasi. Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyotaka uwezo wa kutambua watu wasiopungua 200 kwa mwaka ufikiwe ifikapo 2015. Shirika lilivuka idadi hiyo katika miaka ya fedha 2018 na 2019, kisha korona ikafunga mipaka na maabara, na kasi ikashuka. Lakini hata kwa 200 kila mwaka, ukitoa waliozama baharini, hesabu iliyobaki ingechukua takriban karne mbili. Mwanafamilia anayepeleka sampuli leo anastahili kuambiwa hivyo ana kwa ana, si kuachwa aisome katika takwimu. Nakiri kwamba shirika huandaa mikutano ya familia katika miji mbalimbali, ambako ndugu huketi na wataalamu na kusomewa hali ya faili lao, na hilo ni jema sana. Ila mkutano unaoeleza kilichofanyika si lazima ueleze kitakachofanyika, na ndugu wengi huondoka wakijua habari nyingi za kaka yao bila kujua yuko nafasi ya ngapi kwenye foleni.

La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba foleni yenyewe haifuati zamu. Kinachotangulia ni kile chenye ushahidi wa kutosha, au kilicho katika nchi iliyofungua mlango, au kilicho katika makaburi ambayo tayari yako mikononi mwa Marekani. Kisayansi hoja hiyo ni sahihi. Kibinadamu ina makali. Kwa makaburi yenye mabaki yaliyochanganyika, kanuni ya mwaka 2015 inataka sampuli za vinasaba kutoka kwa familia zisizopungua asilimia 60 ya wanaohusika kabla ya kufukua. Kwa hiyo familia iliyotoa sampuli yake miaka mingi iliyopita huweza kukaa ikizisubiri familia nyingine ambazo haizijui na ambazo pengine hazina habari kwamba zinasubiriwa. Ndugu wa mabaharia wa USS Arizona, meli nyingine iliyozama Pearl Harbor siku ileile, walikutana na ukuta huo kuhusu wasiojulikana wa meli yao waliozikwa Punchbowl, wakaamua kujipanga wenyewe kutafuta ukoo wa mamia ya mabaharia, nyumba kwa nyumba, jimbo kwa jimbo. Nawavulia kofia. Hata hivyo nasema kazi ile ilipaswa kufanywa na ofisi zenye bajeti na kumbukumbu, si na wajukuu wanaotumia jioni zao za mapumziko. Pengo hili ni kubwa zaidi kwa Vita vya Pili vya Dunia: familia nyingi za Korea zimeshatoa sampuli, ilhali za vita vile vya zamani zilizotoa bado ni chache.

La tatu haliko katika uwezo wa shirika, nalo ni siasa. Timu za Marekani zilichimba ndani ya Korea Kaskazini kuanzia 1996 hadi 2005, kisha mlango ukafungwa. Kabla ya hapo, kati ya 1990 na 1994, serikali ya huko ilikuwa imekabidhi masanduku 208, ambayo vipimo vilionesha kwamba yana watu wengi kuliko idadi ya masanduku. Julai 2018, baada ya mkutano wa Singapore kati ya Donald Trump na Kim Jong Un, yalikuja mengine 55, na ndani ya yote 55 kulikuwa na kitambulisho kimoja tu cha chuma cha kuvaa shingoni. Mtu akitaka kuelewa kwa nini maabara inahitaji miaka, aifikirie hesabu hiyo: masanduku 55, kitambulisho kimoja.

Nirudi kwa ndugu, maana ndiye mteja. Siku jibu linapopatikana, haachiwi barua mlangoni. Afisa wa jeshi alilotumikia marehemu huja kuketi na familia, akiwa na ripoti iliyofungwa kama kitabu: mahali alipopotea, alivyotafutwa, picha ya mabaki yalivyopangwa, hoja ya meno, hoja ya mifupa, hoja ya vinasaba, na sahihi ya aliyethibitisha. Familia ina haki ya kuuliza maswali na ndiyo inayoamua atazikwa wapi, iwe Arlington au makaburi ya kijijini kando ya mama yake, huku serikali ikibeba gharama na kumsindikiza kwa heshima za kijeshi. Kuna pia fomu moja ambayo sikuijua mpaka nilipojifunza habari za mabaki yaliyochanganyika. Inauliza: ikiwa baadaye kitapatikana kipande kingine cha ndugu yenu, mngependa kujulishwa, au mnaliachia jeshi likihifadhi kwa heshima? Swali hilo ni gumu, na kuna watakaoona ni ukatili kuliuliza wakati wa msiba. Mimi naliona ni adabu ya hali ya juu, kwa sababu linaikubali hali ilivyo badala ya kuificha, na linaiachia familia uamuzi ambao ni wake.

Kwa jumla ya niliyoyapima, utaalamu wa huduma hii na uaminifu wake kwa ukweli naupa alama kamili, namna inavyowapokea ndugu naipa alama nzuri, na uwazi kuhusu foleni naupa alama ya chini, hadi hapo kila familia itakapoelezwa kwa maandishi ni nini hasa kinachokwamisha faili lake. Mwenye ndugu aliyepotea katika vita hivyo asiende kwanza Hawaii wala kwa mwandishi wa habari. Aanze na ofisi ya familia ya tawi la jeshi ambalo ndugu yake alilitumikia, aombe nakala ya faili la marehemu, na aombe kifurushi cha sampuli. Kikifika, kabla ya kukifungua mwenyewe, aulize ni nani katika ukoo wa mama wa marehemu aliye mzee kuliko wote, ampelekee huyo, na amshikie bahasha wakati anaposugua shavu lake.